Nilimchorea Muuaji Mdomo

Wadogo zangu, mimi ni mstaafu. Msicheke kwanza. Najua mstaafu mliyemzoea ana mvi na bakora, na kila akiinuka kitini humtaja Mungu. Mimi nikiinuka nainuka tu. Nina miaka thelathini na moja na meno yangu yote, na watoto wa mtaa wetu hapa Ngamiani wakinipita huniambia "shikamoo mzee" kisha hutimua mbio. Mimi naitikia "marahaba" kwa sauti nzito. Heshima hata ikija na kejeli ndani yake ni heshima, mtu hairudishi.

Kazi niliyoistaafu ni ya kuchora midomo. Sisemi kupaka watu rangi ya midomo, kama alivyodhani mjomba wangu, akakaa wiki nzima hasemi nami. Ni midomo ya watu wa katuni. Katuni ikisema "karibu", ujue kuna mtu aliketi mahali akachora mdomo unaoachama kwa ka, unaotanuka kwa ri, unaojifumba kwa b na kuchongoka kwa u. Mtu huyo nilikuwa mimi. Siku hizi kompyuta inasikiliza sauti yenyewe, inapachika mdomo yenyewe, na mwenye kazi anakunywa chai. Hakuna aliyenifukuza. Niliutazama mdomo wa mashine, nikautazama wangu, wa mashine ukawa umemaliza hotuba na wangu ungali kwenye salamu. Nikaaga. Sasa natengeneza simu kwenye kibanda hiki mnachokuja kunisumbua, na nikiwa naunga waya naota mambo mengine makubwa zaidi, ambayo nikiwatajia mtacheka tena, kwa hiyo sitaji.

Basi kaeni. Aliye mbele asikanyage hiyo chaja ya watu.

Mnataka kujua katuni inasemaje. Kwanza tafuteni kioo. Utakaa mbele ya kioo hicho useme neno moja mpaka lipoteze maana, huku ukitazama midomo yako kama si yako. Siku moja mama alinikuta nasema "pweza, pweza, pweza", midomo nimeivuta mbele kama mtu anayebusu hewa. Alirudi nyuma taratibu akafunga mlango. Jioni nikamsikia uani anamuuliza jirani kama anamjua mtu mwema wa kusomea vijana.

Kiswahili, nawaambieni, kina huruma kwa mchoraji. Irabu tano, midomo mitano. Ongeza mdomo uliofumbwa kwa ajili ya m, b na p, ongeza na ule wa meno kuukanyaga mdomo wa chini kwa ajili ya f na v. Ukiwa na hiyo unaweza kumsemesha mtu yeyote kutoka hapa mpaka Horohoro, akavuka mpaka bado anasema. Lakini msichore kila herufi. Mtu anaposema, mdomo wake hausomi kama mtoto wa darasa la kwanza, unapitapita. Kitu usichoruhusiwa kukosa ni pale unapofumba. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mtoto anayemwita mama yake, nami nikamwacha mdomo wazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mhina akaitazama, akaweka kikombe chini.

"Athumani," akasema, "huyu mtoto hamwiti mama. Anapiga miayo."

Mhina ndiye aliyenifundisha kazi. Ni Mbondei wa Muheza, mrefu, mpole, mwenye karakana yetu ya katuni, kama chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa kinaweza kuitwa karakana. Kulikuwa na kompyuta tatu na feni moja, na hiyo feni ilikuwa na kiburi, haigeukii upande wangu. Mhina alijifundisha mwenyewe kwa kutazama na kurudia, hakwenda chuo. Mimi niliishia kidato cha nne na cheti changu sikitundiki ukutani. Kwa hiyo yeyote kati yenu aliyeambiwa hafai, asogeze kiti karibu.

Kubwa tulilolifanya ni filamu ya mauaji. Iliitwa *Kisiwa Hakina Mlango*. Tajiri mmoja anaalika wageni kwenye nyumba yake kisiwani, upande huu wetu wa pwani. Mashua iliyowaleta inaondoka. Wanakaribishwa chakula, wanakula, na kabla ya kahawa Tajiri amekufa. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka. Wamebaki Daktari, Nahodha, Mfanyabiashara, Mpishi na Mpelelezi, na mmoja wao ndiye aliyemtilia sumu. Inasikika rahisi. Ilitumaliza.

Chukueni mfano wa mikono. Mkono ni mgumu kuchora kuliko uso, na hapo ni wanaume watano wanakula. Mimi nikiwa na akili zangu za mkato nikachora upande mmoja vizuri, kisha nikaipindua picha ile ile ili iwe upande wa pili. Wachoraji wote hufanya hivyo, ni kubonyeza kitufe tu. Tukamwonyesha Mzee Bakari, aliyekuwa ametoa sauti ya Mpelelezi. Mzee Bakari alipata kufanya kazi mpakani Horohoro, kazi ya kufungua mabegi ya watu, na tangu hapo hatazami kitu ila anakipekua. Aliitazama mpaka mwisho.

"Mmesema ametiliwa sumu nani?"

"Tajiri, mzee," Mhina akajibu.

"Na hawa wawili wa huku wanaokula kwa mkono wa kushoto, hawa mmewaacha hai?"

Nikachora upya. Wiki nzima, vidole tu.

Mzee huyo huyo alikuwa ametugomea mapema, siku ya kurekodi. Kwenye picha Tajiri amelala sakafuni na Mpelelezi anazunguka anauliza watu maswali. Mzee Bakari akavua visikilizio. Akasema yeye hasemi neno na maiti iko wazi pale kama gunia, kwanza ifunikwe, ilazwe vizuri, na mtu mmoja aulize inazikwa saa ngapi. Mhina akamweleza kuwa hiyo ni katuni. "Katuni au si katuni," akasema, "wanaonisikiliza ni watu wa Tanga." Tukachora shuka. Na kweli, tuliposikiliza baadaye, tukio lile likawa zito mara mbili, maana wageni wanashukiana huku wote wanataka kumzika mtu kabla jua halijazama na mashua hakuna.

Sasa nifike kwa Bi Mwanakombo, na hapa ninyoosheeni masikio.

Bi Mwanakombo ni mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, hakuna sufuria kubwa la Ngamiani ambalo hajaligombeza. Ana sauti ya moshi, nene, inayotoka polepole. Mhina alimsikia siku moja anawaamrisha watu wakoroge, akamfuata papo hapo amwombe awe sauti ya Mpishi wa kisiwani. Ni wa rika la bibi yangu, kwa hiyo mimi ananiita mume, kama ilivyo desturi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mkononi hamna kitu?"

Ndiyo salamu yetu mpaka leo.

Siku ya kwanza alipokuja karakana alisimama mbele ya michoro tuliyoibandika ukutani. Tulikuwa tumewachora wageni mezani, kila mmoja na sahani yake, kisu na uma. Akaitazama muda mrefu.

"Hawa ni wagonjwa?"

"Kwa nini, mama?" Mhina akauliza.

"Kila mtu na sahani yake. Nimedhani wamelazwa."

Mhina akamweleza kwamba lazima iwe hivyo, sumu iko kwenye sahani ya Tajiri, wakila sinia moja watakufa wote na filamu itaisha. Bi Mwanakombo akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu Mhina, nyie huko Muheza mnakula machungwa mmesimama, sinia mtalijulia wapi. Mtu hula mbele yake. Akivuka akaenda mbele ya mwenziwe, anayetukanwa ni mama yake aliyemlea. Na mimi nikipeleka sinia najua nani atakaa wapi. Mwenye heshima yake namwekea paja, nalielekeza upande wake, nalifunika wali kidogo alifukue mwenyewe aone bahati. Nikitaka chumvi imzidi yeye peke yake, itamzidi yeye peke yake, na wenzake watasifu chakula."

Mhina aliondoka akaenda kukaa kwenye kompyuta yake, na nilipotoka kwenda kuswali alasiri alikuwa hajageuka. Mpaka siku ile muuaji alikuwa Daktari. Kesho yake sahani zilikuwa zimegeuka sinia, na muuaji hakuwa Daktari tena, lakini hilo la pili mimi sikulijua, maana Mhina hakumwambia mtu.

Hapo kuna ujanja wa kazi nataka muushike. Katika hadithi ya muuaji, mtoa sauti akijua kuwa muuaji ni yeye, sauti yake inaanza kujificha tangu salamu ya kwanza. Anasema "karibuni wageni" na wewe unasikia kaburi. Kwa hiyo Mhina aliwarekodi mmoja mmoja, vipande vipande, mbele nyuma, kwenye chumba tulichokiziba kwa magodoro, feni imezimwa na jogoo wa jirani tumemwomba anyamaze. Kila mmoja, awe Daktari, Nahodha, Mfanyabiashara au Mpishi, alirekodi maneno yale yale ya kukiri: "Ndiyo, ni mimi. Na angerudi leo, ningemkaribisha tena." Wote walikiri. Na Mzee Bakari alirekodi kumshitaki kila mmoja kwa zamu yake, mpaka akachoka.

"Huyu mpelelezi wenu ana wasiwasi," akasema. "Mimi Horohoro nilikuwa nafungua begi moja moja."

Hivyo hakuna aliyejua. Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye ni lazima angejua, naye ni mchora midomo, kwa sababu maungamo yalikuwa manne na mdomo wa kuchorwa ni mmoja. Mhina alinipa sauti ile asubuhi moja bila kusema kitu, akaenda kununua vocha. Nikavaa visikilizio.

Wenzake wote walikuwa wamekiri kwa kelele, Nahodha nusura avunje kinasa sauti. Bi Mwanakombo alisema kama anayemwambia mtu kwamba chai imekwisha. "Ndiyo, ni mimi." Pole, bila haraka. "Na angerudi leo, ningemkaribisha tena." Nilifurahi, wadogo zangu, siwafichi, nilifurahi kama mchoraji. Nikachora mdomo ule kwa mapenzi, kila m nikaifumba kama bahasha.

Nilikuwa nimefika kwenye "tena" ndipo nikakumbuka kwamba huyu mtu anapikia watu.

Fikirini vizuri. Mwanamke ambaye kazi yake, jina lake, nyumba yake, vyote vinasimama juu ya jambo moja, kwamba watu wanafumba macho na kula alichopika. Na sisi tumechukua sauti yake, ambayo Ngamiani nzima inaijua hata kizani, tukaifanya ikiri kwamba imemuua mtu kwa sinia. Tena kwa namna ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Na Jumamosi baada ya onyesho, binti wa Mzee Bakari anaolewa, na mpishi aliyealikwa ni nani? Ni huyo huyo.

Nikamngoja Mhina arudi.

"Kaka, tuweke Nahodha. Sauti yake ipo, amekiri vizuri."

"Amekiri kwa makelele."

"Nitamchorea mdomo mdogo."

Mhina akakaa. "Nahodha alijuaje Tajiri atakaa wapi? Nani alilielekeza paja? Athumani, watakaotazama ni watu wanaopika na wanaokula. Nikiwaambia ni Nahodha watanizomea mpaka Muheza."

"Na yeye je?"

"Ni katuni," akasema, lakini alilisema akitazama feni.

Kwa hiyo nikaenda kumwambia mwenyewe. Siri ya kazi nilikuwa nimeapa kuitunza, ndiyo, na nikaivunja mchana kweupe, na mwenye kunilaumu anilaumu akimaliza kusikiliza. Niliona kwamba kama kuna mtu wa kuamua, ni yule ambaye kesho sufuria zake zitalala chali.

Nilimkuta uani kwake anachambua mchele kwenye ungo. Nilikuwa nimeifunga kompyuta kwenye kanga ya mama ili isiingie vumbi. Akaniuliza kama hiyo kanga ni posa. Sikuweza hata kucheka. Nikaifungua, nikaiweka juu ya kibao cha mbuzi, nikamwonyesha mwisho wa filamu, pale Mpelelezi anapomgeukia Mpishi na Mpishi anajibu.

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Kumbe ni mimi."

"Ni wewe, bibi."

"Rudisha."

Nikarudisha. Akatazama tena, amesogea mbele, midomo yake mwenyewe inatikisika pamoja na ile niliyoichora.

"Rudisha tena."

Nikarudisha. Akaegemea nyuma.

"Huyo mpishi ameshika mwiko kama anapiga kasia. Hilo ndilo la kuniaibisha."

"Bibi, Jumamosi inayofuata ni harusi ya kwa Mzee Bakari."

"Najua harusi ni lini, si mimi nitakayeipika?" Akachukua punje moja ya mchele, akaitazama, akaitupa. Sauti ikashuka. "Mume wangu, watu wetu hawa hawasahau. Kulikuwa na mpishi hapa, Mungu amrehemu, aliunguza wali mara moja kwenye hitima ya watu. Mara moja tu. Mpaka anazikwa alikuwa anaitwa Mama Ukoko. Wajukuu zake wanaitwa wajukuu wa Mama Ukoko. Sasa mimi wataniitaje?"

Nikamwambia sauti ya Nahodha ipo, nikianza sasa hivi nitawahi, na Mhina nitampigia magoti.

"Nahodha anajua kupanga sinia?"

"Hajui."

"Basi watu watawacheka."

"Watucheke."

Akanitazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alinitazama kama mtu mzima. Akarudi kwenye ungo wake, akapepeta mara mbili tatu kabla ya kusema.

"Mimi huwa nyuma ya nyumba. Watu wanakula mbele, wanasema wali umekolea, maharusi wamependeza, mimi niko nyuma na moshi wangu. Hakuna aliyewahi kukaa akanisikiliza mpaka mwisho. Na huyu," akaionyesha kompyuta kwa kidevu, "huyu wote wamegeuka wanamsikiliza." Akapepeta tena. "Usimbadilishe. Aliyeua ni mpishi, na imejulikana ni mpishi kwa sababu ya ujuzi wangu mimi. Nikimkana huyo naukana na ujuzi. Ila mkono wa mwiko utengenezeni. Na mwambie Mhina siku ya onyesho asihangaike na maandazi. Chakula cha watazamaji napika mimi."

"Bibi, watakula?"

"Hilo na mimi nalitaka kulijua," akasema, "kabla ya Jumamosi."

Onyesho lilikuwa alasiri, katika ukumbi mmoja hapa hapa Ngamiani. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi ili giza liingie, na joto likaingia pamoja nalo. Watu walijaa, watoto wamekaa chini, Mzee Bakari mstari wa mbele na koti, pembeni yake dada yake aliyekuja kwa ajili ya harusi. Bi Mwanakombo hakukaa. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango wa uani, akiwa na kanga mpya.

Walicheka tulipotaka wacheke. Tajiri alipofunikwa shuka, nikasikia mtu mzima anasema "afadhali". Mpelelezi alipoanza kueleza habari ya sinia, kila mtu hula mbele yake, nani alijua mgeni atakaa wapi, ukumbi ukaanza kunong'ona, maana wanawake walikuwa wameshajua. Kisha sauti ya Mzee Bakari ikasema, "Muuaji ni wewe, Mpishi," na Mzee Bakari mwenyewe pale kitini akaruka kama aliyefinywa.

"Ndiyo, ni mimi. Na angerudi leo, ningemkaribisha tena."

Hakuna aliyepiga makofi. Vichwa viligeuka, mmoja, kisha kumi, kisha ukumbi mzima, vikamtazama aliyesimama mlangoni. Naye akafungua mlango, mwanga ukaingia, na harufu ya pilau ikaingia nyuma yake.

"Karibuni chakula," akasema. Kwa sauti ile ile.

Uani alikuwa ametandika majamvi, masinia yamepangwa, kila moja limefunikwa kawa. Watu wakatoka. Wakasimama. Niliwahi kuona watu wakigombania pilau ya Bi Mwanakombo mpaka ndugu wakanuniana, na sasa wamesimama kama wanaongoja basi. Mama mmoja alimvuta mtoto wake kwa ukosi wa shati. Kijana mmoja wa nyuma akasema, nusu utani, nusu kweli:

"Bibi, anza wewe basi."

"Wewe kwenu umewahi kuona mpishi anakula kabla ya wageni?" akamjibu, na hakusogea. Mikono ameifunga kifuani, lakini mimi nilikuwa karibu, niliona vidole vilivyoikamata kanga kwa nguvu.

Nikamsikia dada yake Mzee Bakari anamnong'oneza kaka yake. "Kaka, mimi sisemi kitu. Ila kule Muheza kuna mama mmoja anapika vizuri tu."

Miguu yangu ilitaka kwenda kukaa pale pale, nijaze mdomo, niwaonyeshe. Lakini mimi ni nani? Mchora midomo. Nikila mimi watasema amelipwa. Mhina naye alikuwa amegeuka rangi kama mkeka.

Mzee Bakari alimsikiliza dada yake mpaka mwisho. Akavua koti, akampa alishike. Akanawa mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akachagua sinia la katikati, akaketi, akalifunua kawa. Mvuke ukapanda. Upande wake, limefunikwa wali kidogo, lilikuwa paja la kuku.

Akalitazama paja. Akamtazama Bi Mwanakombo. Kisha akalishika sinia kwa mikono miwili, akalizungusha mpaka paja likawa upande wa pili.

Nilimtazama bibi yangu yule na nikaona miaka yake yote ya moshi imesimama pale, juu ya sinia lile, ikingoja iangukie wapi.

Akaweka mkono kiunoni.

"Zungusha, Bwana Bakari. Zungusha mpaka uchoke. Pande zote mpishi ni mmoja."

Kwanza mabega ya Mzee Bakari ndiyo yaliyotikisika. Kisha kikatoka kicheko, kicheko cha kukohoa, cha mtu aliyepekua mabegi maisha yake yote na leo amepekuliwa yeye. Wakacheka wanawake, wakacheka watoto wasiojua wanacheka nini, mtu akasema "wallahi huyu mama", na watu wakaanza kuketi, kila sinia linazungushwa kwanza, hapa na pale, mpaka yule mama akamwachia mtoto wake ukosi. Mzee Bakari akasema bismillahi, akala tonge, akala la pili. Akalifuata paja kule kule upande wa pili, jambo ambalo lingemfanya mama yake, kama angekuwepo, atukanwe sana.

Alipomeza akapaza sauti wote wasikie, dada yake akiwa wa kwanza.

"Bi Mwanakombo. Jumamosi utataka sufuria ngapi?"

"Zote ulizonazo na za jirani," akajibu. "Na wewe utakaa nitakapokuweka mimi."

Jumamosi nilikuwepo, wadogo zangu. Alikaa.